Tangazo la Mbuzi kwa Herufi za Mabuyu

Kabla hamjaisikia kwa Mama Saumu, ambaye huisimulia vizuri kunishinda na hutia chumvi palepale panaponiuma, afadhali niseme mwenyewe: ni kweli, mimi Sidi, mchora herufi hapa Malindi, niliutisha ua mzima wa wapangaji wenzangu kwa Halbadiri, nikafanya hivyo kwa siri, bila kutia jina, na kila mtu akajua ni mimi kabla gundi haijakauka. Aliyekuwa hajui kwamba wanajua ni mmoja tu, naye ndiye anayewasimulia.

Kazi yangu ni herufi. Siandiki vitabu, nachora herufi zenyewe, za mabango na pakiti na migongo ya tuktuk. Mkiona pakiti ya mabuyu yenye maandishi manene yanayoyumbayumba, a ina kitambi, k imerusha mguu kama iko kwenye ngoma, o imeachama na ina pengo mbele, huo ni mkono wangu. Nilizichora moja moja kwa kalamu ya wino mnene, na umbo la kila moja nililiokota nyumbani: O ni mdomo wa mtungi uliomeguka, S ni kulabu ya dirisha langu, A ilinitesa mpaka siku nilipomwona Mama Saumu amekaa akipepeta mchele (hajui, naomba abaki hivyo hivyo). Ya mwisho ilikuwa X. Kiswahili hakina haja na X, lakini seti ya herufi isiyo na X haijakamilika, basi nikatafuta kitu cha kuchora, nikakichora upesi, nikakiingiza kwenye kompyuta pamoja na wenzake na sikuibonyeza tena, maana ni nani Malindi hii atakuja kuniomba X. Seti nzima nikaiita Mapengo. Tangu siku hiyo nikigusa kibodi, herufi zinazochomoza ni zangu.

Mabuyu yakapendwa, na herufi zikapendwa pamoja nayo. Akaja kinyozi, akaja mwenye tuktuk, wakaja wa chekechea na muuza juisi ya ukwaju, mpaka fundi wa majeneza alikuja, huyo nikamkatalia kwa adabu, nikamwambia maiti hachekewi. Kwa sababu herufi kama hizi zina sheria zake na mimi nazijua. Ni za maneno machache na ya furaha, jina la duka, karibuni, bei ya maembe. Ukiandikia maneno marefu macho ya msomaji yanachoka, na ukiandikia jambo zito, jambo lenyewe linaanza kucheka. Hayo huwa nawafundisha wateja bure. Yakumbukeni.

Sasa, ninapanga chumba kwa Bi Zuhura, nyumba ya zamani ya vyumba vinavyozunguka ua, bomba moja, kamba moja ya nguo, kila mtu anajua mwenzake anapika nini. Chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, kilikuwa kitupu, na mimi nilikuwa nakitaka kama mgonjwa anavyotaka maji. Miaka yote nimefanyia kazi kwenye kona ya meza katika duka la uchapishaji la Karisa, mtoto wa mjomba wangu, karibu na soko, na wateja wangu hudhani mimi ni mfanyakazi wake. Nilitaka mlango wangu, na juu ya mlango jina langu. Bi Zuhura alikuwa ameniambia, "Kuna kijana mwingine wa kutengeneza simu, naye anakitaka. Niache nitazame. Ijumaa baada ya sala nitakujibu." Wiki hiyo nilikuwa mpangaji mwema kuliko wote Pwani. Nilifagia hata mahali ambapo si zamu yangu.

Jumanne yake nikataka kupika wali wa nazi, jambo nililokuwa nimeliacha tangu kazi za herufi ziliponizidi. Nikainama chini ya kitanda kuchukua mbuzi, mikono ikarudi mitupu.

Mbuzi yangu ni ya hawe, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliyeikalia maisha yake yote kule Ganda akikuna nazi. Ni vibao viwili vilivyopishana, unavifungua unakalia, na mbele umetoka ulimi wa chuma wenye meno. Kibao chake kimeshika umbo la hawe kwa kukaliwa. Alipofariki watu walichukua mabati, sufuria, kuku, mimi nikaomba hiyo tu. Nilipoikosa nilipekua chumba chote, nikakaa chini sakafuni, na sitawaficha, nililia.

Mtu mwenye akili angetoka uani akauliza, "Jamani, nani ana mbuzi yangu?" Lakini mimi nikaanza kupiga hesabu za mtu mwerevu. Nikiuliza, nimewatuhumu wote. Nikiwatuhumu wote, nimeleta fitina nyumbani kwa Bi Zuhura wiki ileile anayopima nani apewe chumba cha mbele. Nikinyamaza, mbuzi ya hawe imekwenda. Basi nikakumbuka vile watu wa hapa hufanya wakiibiwa: hutangaza kwamba patasomwa Halbadiri, ile dua ya kumshtaki mwizi kwa Mungu, ambayo kila mtu anamjua mtu aliyevimba tumbo kwa ajili yake. Mara nyingi haifiki kusomwa. Tangazo tu linatosha, asubuhi kitu kiko mlangoni. (Mimi ni Mkristo, nikiri. Lakini ukizaliwa Malindi, Halbadiri unaiogopa na dini yako ikiwa palepale.)

Liwe tangazo lisilo na jina. Wadhani ni mzee fulani, wadhani ni Bi Zuhura mwenyewe. Tatizo likawa mwandiko. Mimi watu wanaujua mkono wangu, nikiandika kwa kalamu nimekwisha. Kwa hiyo, na hapa ndipo nawaomba mnivumilie, nikaamua niliandike kwa kompyuta, ili mkono wangu usijulikane.

Nikaenda kwa Karisa. Karisa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni ya mashine, anakula mihogo ya kukaanga, nikamgeuzia mgongo asione ninachoandika. Nikaandika: ALIYECHUKUA MBUZI YA KUKUNIA NAZI AIRUDISHE. IJUMAA INASOMWA HALBADIRI. Nikalitazama. Nikaona mistari imebanana, nikaipanua kidogo. Nikaona neno la mwisho linastahili kuwa kubwa zaidi, nikalikuza. Nikachagua karatasi ya manila ya manjano maana inaonekana kwa mbali. Niliyafanya yote hayo, na sikuona kwamba K zimerusha miguu na O ya kwenye "INASOMWA" imeachama na pengo lake. Herufi zangu nimezizoea kama mtu anavyozoea harufu ya nyumba yake. Kwangu mimi yale yalikuwa maandishi tu ya kompyuta.

Alfajiri ya Jumatano nikalibandika juu ya bomba, nikarudi kulala, nikatoka baadaye nikijinyoosha kama niliyeota ndoto nzuri.

Wa kwanza kulisoma alikuwa Mwalimu Wekesa wa chumba cha pembeni, mtu wa bara, amehamishiwa shule ya huku si zamani. Alisimama na mswaki mdomoni, akasoma mara mbili.

"Madamu," akaniuliza, "hii Halbadiri ni ladha gani? Mimi napenda zile za pilipili."

Nikajiambia, maskini, mtu wa bara, hajui. Nikamweleza kwa upole kuwa Halbadiri si ya kula. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini mtu mzima asome onyo la laana akafikiria mabuyu.

Akaja Mama Saumu na ndoo. Akalisoma, akanitazama, akalisoma tena. "Haya," akasema, "aliyeandika hili ana mkono mzuri."

"Mtu mzima huyo," nikamjibu. "Unaona tu ana uchungu."

"Naona," akasema Mama Saumu, akainama kwenye bomba, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilidhani ni hofu, na nikamhesabu miongoni mwa washukiwa.

Kisha Bi Zuhura. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Zuhura," akaitikia marahaba, akavaa miwani, akasimama mbele ya lile tangazo kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji.

"Sidi mwanangu. Wewe unamwonaje aliyeandika haya?"

"Mimi, Bi Zuhura, naona ana haki yake."

"Ana haki," akasema taratibu. "Wala hakutaka kusema na mimi, mwenye nyumba. Labda aniogopa."

"Labda ana heshima," nikasema. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

"Basi tumsaidie. Nyumba yangu haiwezi kutajwa mwizi nikanyamaza. Ijumaa nitamwita Maalim, tutie na kahawa, majirani waje. Mwenye haki apate haki yake mbele ya watu."

Nilitaka kumwambia si lazima kufika huko, lakini ningemwambia kama nani? Mwenye tangazo hana jina. Nikasema, "Vizuri sana, Bi Zuhura," nikaenda kufagia.

Tangazo likafanya kazi. Jioni hiyo vitu vikaanza kurudi chini ya bomba, kimyakimya, ila mbuzi haikuwamo. Ulirudi mwiko. Ikarudi leso, ndala ya mguu wa kushoto, kifuniko cha sufuria, na kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika nusu. Ikaonekana kila mtu uani alikuwa na kitu cha mwenzake na alikuwa akitafuta siku ya kukirudisha. Alhamisi Mama Saumu akaitambua leso yake, akataka kujua ilikuwa kwa nani mwaka mzima huo, wakanuniana na jirani wa chumba cha tatu. Bi Zuhura akautambua mwiko, na kumbe mwiko huo ndio uliomgombanisha na wifi yake wasisalimiane tangu Ramadhani iliyopita. Watu walioishi kwa amani sasa walikuwa wanafunga milango kwa kufuli kwenda kuchota maji. Mimi nikawa natembea katikati yao nasema, "Jamani, tusameheane." Mwalimu Wekesa alirudisha kalamu nyekundu ya shule, hakuna aliyejua ni ya nani.

Ijumaa nikatoroka mapema kwenda kazini. Mteja kutoka Watamu, mama mmoja anayekanda watalii misuli kando ya hoteli, alitaka bango la neno moja tu, la Kizungu, na alilitaka kwa zile herufi za mabuyu: RELAX. Nikafurahi, neno fupi, la furaha, kazi safi kabisa ya Mapengo. Nikabonyeza R, E, L, A. Nikabonyeza X.

Ikachomoza mbuzi ya hawe.

Ilikuwa yenyewe, jamani, vibao viwili vimepishana, miguu imepanuka, na kule juu ulimi wa chuma umetoka nje na meno yake. Nikaitazama, nayo ikawa kama inanitolea ulimi. Nikakumbuka mchana ule nilipokosa umbo la X, nikaibeba mbuzi kutoka nyumbani, nikaiweka hapa hapa juu ya meza nikaichora, na sikukumbuka kuirudisha.

Nikageuka polepole. Karisa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake.

"Karisa. Inuka."

"Kwani kuna nini?"

Akainuka. Ulimi ameufunga kitambaa usimchome, kibao kiling'aa kuliko siku ya hawe. "Si uliiacha wewe," akasema. "Nikajua umeniletea kiti." Yaani nilipokuwa naandika lile onyo, nimempa mgongo asione, mwizi, mwenye mali na mali yenyewe tulikuwa chumba kimoja.

Adhana ya mchana ilikuwa imekwisha kitambo. Nikaifunga mbuzi kwa leso, nikakimbilia tuktuk ya kwanza, na moyoni nina sala moja, nifike kabla Maalim hajafungua kinywa, maana nilikuwa nimelifikiria vizuri jambo hili: Halbadiri ikisomwa, aliyechukua mbuzi atavimba tumbo, na aliyechukua mbuzi ndiye huyu.

"Dada Sidi," akasema dereva, "leo ndiyo Halbadiri, sivyo? Nawahisha abiria wangu nije nami nitazame."

"Wewe umejuaje?"

"Picha inazunguka kwenye simu tangu Jumatano. Ua wote umenitumia, hata shangazi yangu wa Mombasa anayo."

"Lakini nani kakwambia inanihusu mimi?"

Dereva akanitazama kwenye kioo. Akaonyesha kwa kidole gumba nyuma ya tuktuk yake, ambako mimi mwenyewe, mwaka jana, nilimwandikia MWENYE WIVU AJINYONGE, na A yenye kitambi na O yenye pengo, kila moja mahali pake.

Nikaona yote, moja baada ya jingine. Mabega ya Mama Saumu. Ladha ya pilipili. "Labda aniogopa." Walijua wote, na kwa adabu zao za Kipwani hakuna aliyeniambia, walinitazama tu nikifagia.

Ua ulikuwa umejaa. Mikeka imetandikwa, majirani wa mtaa mzima, akina mama wamejipanga ukutani, birika la kahawa, haluwa, na Maalim katikati na kanzu yake nyeupe. Lile tangazo limehamishwa kutoka bombani likatundikwa nyuma yake, na nadhani ni Mama Saumu, hawezi kuwa mwingine. Kwa mbali lilikuwa kama tangazo la sikukuu ya watoto. Nikaingia, na ulimi wa mbuzi ukatoboa leso ukatokeza mbele ya kila mtu.

"Karibu, Sidi," akasema Bi Zuhura. "Umebeba nini?"

"Mbuzi, Bi Zuhura."

"Ile iliyoibwa?"

"Ile ile."

Maalim akaweka kikombe chini. "Alhamdulillahi. Na mwizi ni nani?"

"Ni mimi, Maalim."

"Na aliyeibiwa?"

"Ni mimi."

"Na aliyeandika tangazo?"

Nikafungua mdomo, lakini ua mzima ukajibu kwa sauti moja, "Hilo twajua!" Na hapo kicheko kikaanguka. Walicheka akina mama, akacheka jirani wa chumba cha tatu akimshika bega Mama Saumu aliyekuwa hasemi naye, na Mwalimu Wekesa alicheka nyuma ya wenzake kidogo, baada ya kuelezwa.

Maalim alingoja watulie. Kisha akasema, bila kucheka, "Binti yangu, dua ile ni jambo kubwa. Hapana mtu aisomaye kwa ajili ya mbuzi ya nazi, na Bi Zuhura nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Mimi nimeitwa kunywa kahawa." Akainua kikombe chake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Zuhura hakupasua ardhi, alileta nazi. Alileta karai zima, akaliweka mbele yangu, akasema, "Madhali imepatikana, keti ukune. Wageni wangu hawaondoki na kahawa tupu." Basi nikakaa juu ya mbuzi ya hawe, katikati ya mikeka, mbele ya mtaa, nikakuna nazi zote, na wanaopita mlangoni wakawa wanaingia kuangalia. Wali ulikuwa mzuri. Niliambiwa hivyo na kila aliyekula.

Walipokwisha kutawanyika nikamfuata Bi Zuhura jikoni. Nilijua jibu lakini nilitaka kulisikia.

"Chumba nimempa yule kijana wa simu," akasema akiosha vikombe. Akanitazama, na uso wake haukuwa wa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Si kwa sababu ya mbuzi, mwanangu, kila mtu husahau. Chumba cha mbele ndicho uso wa nyumba yangu. Atakayekaa usoni pangu nataka awe mtu wa kusema nami kwa mdomo. Mlango wangu na wako yatazamana, Sidi. Ungenigongea."

Nilimsaidia kufuta vikombe.

Tangu hapo nimejiwekea nadhiri, na mnaweza kunishika kwayo: nikiwa na neno na mtu, nagonga mlango. Hata nikidai kibiriti, nagonga. Herufi zangu nazo nimezirudisha kwenye kazi yake, mabuyu, maembe na karibuni, na mbuzi iko jikoni mwa ua, anayetaka anakuna.

Yule kijana wa simu alihamia mwezi uliofuata. Ni kijana mzuri, ana adabu, alinigongea mlango mwenyewe akaomba nimwandikie bango la duka, na akazitaka zile zile za mabuyu, maana zinajulikana. Jina la duka amelitunga yeye: MAXX SIMU. Nikamuuliza kama X moja haitoshi. Akasema mbili ndizo zinapendeza.

Basi nikapanda ngazi nikazichora. Mkipita pale mtaziona, mbuzi mbili za hawe zimekaa juu ya mlango ambao ungekuwa wangu, zimenitolea ndimi. Zimetoka vizuri, siwezi kusema uongo.